Vitamini, MS na Ushahidi wa Picha ya Ubongo

Machi 2025 jarida la tiba la Marekani, JAMA, lilitoa matokeo ya jaribio lililofanyika Ufaransa kwa jina la D-Lay MS. Wagonjwa 316, ambao ugonjwa wa maltipo sklerosisi, au MS kama wengi wanavyouita, ulikuwa ndio kwanza umeanza kuwaonyesha dalili, waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa vitamini D, yuniti 100,000 kila baada ya wiki mbili. La pili lilipewa plasebo, kitu kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani. Wote walikuwa bado hawajaanza dawa za kawaida za ugonjwa huu. Walifuatiliwa kwa miaka miwili: wakaulizwa hali zao, wakapimwa na daktari, wakapigwa picha za MRI.

Miaka miwili ilipotimia, ugonjwa ulikuwa umejitokeza tena kwa asilimia 60.3 ya waliopata vitamini, na kwa asilimia 74.1 ya waliopata plasebo. Kujitokeza huko kulihesabiwa kwa njia mbili: shambulio jipya analolihisi mgonjwa mwenyewe, au alama mpya kwenye picha ya ubongo au ya uti wa mgongo. Ukizitenganisha njia hizo mbili, habari inabadilika. Alama za kidonda kibichi zilionekana kwa asilimia 18.6 ya kundi la vitamini na asilimia 34.0 ya kundi la plasebo, na hilo ni pengo kubwa. Lakini mashambulizi yenyewe, yaani ganzi, mguu kuishiwa nguvu, jicho kuingiwa na kiza, yaliwapata asilimia 17.9 na 21.8. Pengo dogo kama hilo linaweza kuletwa na bahati tu.

Matokeo haya yananigusa kwa sababu yanalenga mahali ambapo wagonjwa na madaktari wengi hupotezana. Mgonjwa anauliza: vitamini hii inanisaidia? Daktari anajibu: tupige picha tuone. Inaonekana ni jibu timamu, na mara nyingine ni jibu timamu kweli. Lakini picha ya MRI inajua kujibu swali moja vizuri, maswali mengine kwa shida, na swali la mtu mmoja mmoja, "je, mimi nimesaidiwa?", karibu haiwezi kulijibu kabisa. Anayetaka kuitumia kupima vitamini hana budi kujua mipaka hiyo kabla hajalipia kipimo.

MS ni ugonjwa wa kinga ya mwili kumgeukia mwenye mwili. Seli za kinga huvuka ukuta unaoutenga ubongo na damu, kisha huishambulia mailini, ala ya mafuta inayozifunika nyuzi za neva na kuziwezesha kupeleka ujumbe kwa kasi. Mahali paliposhambuliwa huvimba na kupata mwako, baadaye hubaki kovu. Jean-Martin Charcot aliueleza ugonjwa huu kwa utaratibu mwaka 1868 katika hospitali ya Salpêtrière, Paris, akilinganisha dalili alizoziona kwa wagonjwa walio hai na makovu aliyoyakuta katika ubongo baada ya vifo vyao. Kwa zaidi ya miaka 100 baada yake, hakukuwa na njia ya maana ya kuyaona makovu hayo kwa mtu aliye hai.

Njia hiyo ilifunguka mwaka 1981. Ian Young na wenzake wa hospitali ya Hammersmith, London, waliwapiga wagonjwa kumi picha kwa mashine mpya ya sumaku. Kipimo cha CT, kilichokuwa ndicho bora wakati huo, kiliona vidonda 19. Mashine ya sumaku iliviona hivyo na vingine 112 juu yake. Tangu siku hiyo madaktari walilazimika kukubali kwamba ugonjwa waliokuwa wakiufuatilia kwa kupima misuli na macho ulikuwa ukifanya kazi kubwa zaidi bila kelele. Baadaye, picha zilipopigwa kila mwezi, ilionekana kwamba kwa kila shambulio moja analolihisi mgonjwa, vidonda vipya kati ya vitano na kumi hutokea katika ubongo bila yeye kuhisi chochote.

Ni muhimu kujua MRI inaona nini hasa. Mashine za kawaida za hospitali haziioni mailini yenyewe. Zinaona maji. Sumaku huvipanga viini vya haidrojeni vilivyomo katika maji ya mwili, mawimbi ya redio huvisukuma, na mashine husikiliza jinsi vinavyorudi mahali pake. Palipo na uvimbe pana maji zaidi, palipopotea mailini pana maji zaidi, na penye kovu la zamani vilevile. Kwa hiyo doa jeupe kwenye picha linasema kwamba hapa pameharibika, lakini halisemi pameharibika lini wala kiasi gani. Kujua kidonda kipya, mgonjwa hudungwa gadolini, metali inayong'aa kwenye picha. Ukuta kati ya damu na ubongo ukiwa mzima, gadolini haipiti. Ukiwa umetobolewa na mwako, hupenya na doa huwaka. Kuwaka huko hudumu wiki chache, kwa kawaida kati ya mbili na sita, kisha huzima kwenyewe, mgonjwa awe ametumia dawa au hakutumia.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya hoja yangu, na nitairudia baadaye.

Picha iliingia rasmi katika mahakama ya dawa mwaka 1993. Jaribio la intaferoni beta lililohusisha wagonjwa 372 lilionyesha kwamba mashambulizi yalipungua, na picha zilionyesha vivyo hivyo: eneo la vidonda liliongezeka kwa waliopata plasebo, huku waliopata dozi kubwa wakibaki karibu pale pale. Dawa iliidhinishwa Marekani mwaka huohuo. Miaka kumi na sita baadaye Maria Pia Sormani wa Genoa, Italia, na wenzake walikusanya majaribio 23 na kuonyesha kwamba ukijua dawa imepunguza madoa mapya kwa kiasi gani, unaweza kukadiria kwa usahihi mkubwa imepunguza mashambulizi kwa kiasi gani; takriban asilimia 80 ya tofauti kati ya jaribio na jaribio ilielezwa na madoa hayo. Dawa ya rituksimabu ni mfano mzuri. Katika jaribio la mwaka 2008 la wagonjwa 104, madoa yanayowaka yalipungua kwa asilimia 91 ndani ya wiki 24, na mashambulizi yaliwapata asilimia 14.5 badala ya 34.3. Picha na mwili vilisema neno moja.

Watafiti wa vitamini waliona fursa hapo. Vitamini haina hatimiliki ya kumtajirisha mtengenezaji, kwa hiyo ni vigumu kupata wa kugharimia jaribio la maelfu ya watu kwa miaka mingi. Lakini kama madoa ni mengi kuliko mashambulizi, basi jaribio dogo na fupi linaloyahesabu madoa linaweza kutoa jibu kwa fedha kidogo. Wazo hilo lilikuwa sahihi. Kilichofuata ni kwamba majaribio mengi yalikuwa madogo kupita kiasi hata kwa kuhesabu madoa.

Na sababu ya kuichunguza vitamini D ilikuwepo. MS huongezeka kadiri unavyoondoka ikweta kuelekea kaskazini au kusini, na ngozi hutengeneza vitamini D kwa nguvu ya jua. Mwaka 2006 Kassandra Munger, Alberto Ascherio na wenzao walichunguza sampuli za damu za wanajeshi wa Marekani, kutoka katika akiba ya watu zaidi ya milioni saba, na kuwapata 257 waliougua MS baada ya damu yao kuhifadhiwa. Kwa wanajeshi weupe, kila nanomoli 50 za vitamini D zilizoongezeka katika lita ya damu ziliambatana na hatari iliyopungua kwa asilimia 41. Mwaka 2012 Ellen Mowry na wenzake, wakifuatilia wagonjwa wa San Francisco, walionyesha kwamba kiwango cha juu cha vitamini kiliambatana na madoa mapya machache. Mwaka 2014 Ascherio akarudi na wagonjwa 465 wa jaribio lililoitwa BENEFIT: nanomoli 50 zaidi ziliambatana na madoa mapya yaliyopungua kwa asilimia 57, na ubongo ulisinyaa polepole zaidi.

Namba nzuri hizo, lakini kuambatana si kusababisha. Mgonjwa ambaye ugonjwa wake umetulia hutembea, huenda sokoni, hukaa juani. Aliyezidiwa hubaki ndani. Mwako wenyewe mwilini unaweza kushusha kiwango cha vitamini D kinachopimwa. Kwa hiyo damu yenye vitamini kidogo inaweza kuwa matokeo ya ugonjwa, si chanzo chake. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2015 ulisaidia kidogo: watu waliorithi kiwango cha chini cha vitamini D waliugua MS zaidi, na hakuna anayerithi vinasaba kwa sababu ya kukaa ndani. Huo ni ushahidi juu ya kuupata ugonjwa. Juu ya kumtibu ambaye tayari anao, hauna la kusema.

Basi yakaja majaribio. Kule Finland, mwaka 2012, wagonjwa 66 waliokuwa kwenye intaferoni waliongezewa vitamini D kwa mwaka mmoja, na madoa yanayowaka yakapungua. Jaribio la SOLAR, lililochapishwa 2019, lilikuwa kubwa zaidi, wagonjwa 229, kwa dozi ya yuniti 14,007 kila siku juu ya intaferoni. Lengo lake kuu, idadi ya watu wasio na dalili yoyote ya ugonjwa kuendelea, lilishindwa wazi: asilimia 36.3 kwa vitamini na 35.3 kwa plasebo. Hata hivyo madoa mapya yalipungua kwa karibu theluthi moja. EVIDIMS ya Ujerumani haikuona tofauti, na ilikuwa na wagonjwa 53 tu. VIDAMS ya Marekani, mwaka 2023, iliwalinganisha wagonjwa 172 waliopewa yuniti 5,000 kwa siku na waliopewa 600, na mashambulizi hayakupungua. PrevANZ ya Australia na New Zealand, mwaka 2024, iliwachukua watu waliopata shambulio lao la kwanza, wakafuatiliwa kwa wiki 48 kwa dozi tatu tofauti. Hakuna dozi iliyosaidia.

Kisha ikaja D-Lay MS na matokeo yake mazuri. Nionavyo mimi, maelezo yanayoshika zaidi ni kwamba katika majaribio mengi vitamini iliwekwa juu ya dawa ambayo tayari ilikuwa imepunguza madoa, kwa hiyo nafasi iliyobaki ya kuonyesha uwezo wake ilikuwa finyu. Wafaransa waliitazama peke yake, kwa watu wengi zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Lakini PrevANZ nayo iliitazama peke yake, na haikuona kitu. Washiriki wake walikuwa wachache na muda ulikuwa mfupi kuliko nusu. Tukubaliane angalau hapa: kama vitamini D inapunguza mwako katika ubongo wa mwenye MS, inaupunguza kwa kiasi cha wastani. Ukiiweka kando ya rituksimabu kwa kipimo kilekile cha madoa yanayowaka, moja hupunguza kwa karibu nusu na nyingine kwa zaidi ya tisa ya kumi.

Sasa turudi kwa mtu mmoja aliyeshika bahasha ya picha zake. Mara nyingi hakuanza vitamini siku ya kawaida. Alianza baada ya shambulio, wakati jicho lilipouma na kuona ukungu, au mguu ulipoburura. Picha yake ya kwanza ilipigwa siku hizo hizo mbaya, na ilikuwa na madoa mawili matatu yanayowaka. Miezi sita baadaye anapiga nyingine. Hayawaki tena. Anaitazama chupa ya vitamini kwa shukrani, na ndugu zake wanasambaza habari.

Madoa yale yangezima hata kama asingemeza kitu. MS ya aina hii, ambayo ndiyo ya wengi mwanzoni, hupanda na kushuka yenyewe, na watu hutafuta tiba ikiwa imepanda. Aliyeanza kuomba mvua katikati ya Machi, masika yakiwa mlangoni, ataipata, na hilo halitatuambia lolote kuhusu maombi yake. Ndiyo maana majaribio huweka plasebo. Si kwa sababu wagonjwa ni waongo au daktari hana akili, bali kwa sababu kundi lisilopewa kitu nalo huonekana kupata nafuu, na ni lazima tujue kwa kiasi gani. Katika D-Lay MS, watu 66 kati ya kila 100 waliopata plasebo hawakuwa na doa linalowaka kwenye picha za ufuatiliaji. Kila mmoja wao angeweza kusimama na kushuhudia kwamba dawa yake, isiyo na kitu ndani, imemponya.

Kwa mtu mmoja, basi, picha haiwezi kuthibitisha kwamba vitamini imefanya kazi. Inaweza kuthibitisha kinyume chake. Doa jipya likitokea wakati vitamini iko juu katika damu, tunajua kwa hakika kwamba vitamini peke yake haikutosha, na kwamba ni wakati wa kuzungumza juu ya dawa yenye nguvu. Hiyo ndiyo kazi halali ya picha katika ufuatiliaji wa mgonjwa mmoja, na ni kazi kubwa. Inahuzunisha kuona inaachwa, picha ikageuzwa cheti cha kuisifia chupa.

Hata kazi hiyo halali ina masharti. Mwongozo wa pamoja wa wataalamu wa Ulaya na Amerika Kaskazini uliochapishwa 2021 unataka picha ya msingi ipigwe upya miezi mitatu hadi sita baada ya kuanza tiba, ili vidonda vilivyotokea kabla dawa haijashika visihesabiwe kuwa kosa la dawa. Unataka mashine yenye nguvu ya tesla 1.5 au zaidi, vipande vyembamba, na mpangilio uleule kila mara. Kwetu Afrika Mashariki hili si dogo. Mgonjwa akipigwa picha ya kwanza Nairobi na ya pili Mombasa, au ya kwanza hospitali kubwa na ya pili kituo chenye sumaku dhaifu kwa sababu ni nafuu, tofauti anayoiona inaweza kuwa ya mashine, si ya ubongo. Doa lenye milimita tatu linaweza kuangukia katikati ya vipande viwili vinene na kutoweka. Ushauri wangu kwa wagonjwa ni kuitunza diski yenye picha zenyewe, si karatasi ya ripoti tu, na kumwomba msomaji wa picha azilinganishe mpya na za zamani kwa macho yake na kuandika idadi ya madoa mapya. Ripoti inayosema tu kwamba vidonda vingi vimeonekana haimsaidii mtu kuamua lolote.

Gadolini nayo isitumike ovyo. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kiasi chake hubaki katika ubongo wa watu waliodungwa mara nyingi, na Umoja wa Ulaya ulisimamisha baadhi ya aina zake mwaka 2017. Madhara ya mabaki hayo kwa binadamu hayajathibitishwa, lakini mwongozo wa 2021 unakubali kwamba kwa ufuatiliaji wa kawaida, kulinganisha madoa mapya na ya zamani hutosha bila sindano.

Kusinyaa kwa ubongo ndiko kunakopimwa kwa shida zaidi. Mtu mzima mwenye afya hupoteza takriban asilimia 0.1 hadi 0.3 ya ukubwa wa ubongo kwa mwaka. Mwenye MS hupoteza kati ya 0.5 na zaidi kidogo ya 1. Programu za kompyuta zinaweza kupima hayo, na baadhi ya vituo huuza namba hiyo kwa mgonjwa. Lakini watafiti wa Ujerumani walionyesha mwaka 2005 kwamba saa 16 bila kunywa kitu huupunguza ubongo wa mtu mwenye afya kwa asilimia 0.55, na akinywa maji hurudi. Huo ni upungufu wa mwaka mzima wa ugonjwa, umeletwa na kiu ya siku moja. Mgonjwa aliyepigwa picha ya kwanza Shaabani na ya pili alasiri ya Ramadhani akiwa amefunga anaweza kuambiwa kwamba ubongo wake unaliwa na ugonjwa, na hofu hiyo ataishi nayo kwa mwaka mzima.

Nisiiache biotini, kwa sababu yenyewe iliumiza matumaini ya wengi. Ni vitamini ya kundi B, na mtu anahitaji mikrogramu 30 tu kwa siku. Watafiti wa Ufaransa waliitoa kwa miligramu 300, mara elfu kumi ya hapo, kwa wagonjwa wa MS inayosonga mbele bila mapumziko. Wazo lilikuwa kwamba ingeongeza nishati katika nyuzi za neva na mafuta ya kujenga mailini. Jaribio la watu 154, mwaka 2016, lilionyesha asilimia 12.6 wakipata nafuu na hakuna hata mmoja katika plasebo. Miaka minne baadaye jaribio la watu 642 lilitoa asilimia 12 dhidi ya 9, tofauti isiyo na uzito. Dozi hiyo pia huvuruga vipimo vya damu: tezi ya thairoidi huonekana kuwa na ugonjwa isiokuwa nao, na troponini, kipimo cha mshtuko wa moyo, huweza kushuka kwa uongo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2017 baada ya kifo kimoja. Hapa kosa halikuwa la picha, maana kilichopimwa kilikuwa kutembea na ulemavu. Kundi dogo linaweza kudanganya hata bila mashine.

Vitamini A ilikaribia zaidi jambo ninalolitamani, yaani kuona mailini ikijengwa upya. Watafiti wa Cambridge na Edinburgh walijaribu beksarotini, dawa ya jamii ya vitamini A, kwa watu 52, na kuchapisha mwaka 2021. Walitumia MRI ya namna nyingine, inayokadiria kiasi cha mailini ndani ya kidonda. Kwa wastani wa mgonjwa mmoja mmoja hakukuwa na tofauti. Vidonda vilipochambuliwa kimoja kimoja, baadhi vilionyesha dalili ya kujengeka, na ujumbe kutoka jichoni hadi ubongoni uliongeza kasi. Lakini wote 26 waliotumia dawa tezi zao za thairoidi zilidhoofika, na 24 walipata mafuta mengi katika damu. Dawa yenyewe haifai. Njia ya kuipima inafaa, na itakuja kutumika kwa dawa bora.

Iko vitamini moja ambayo picha humfichulia daktari kazi yake bila utata, nayo ni B12. Ikipungua, uti wa mgongo huharibika upande wa nyuma: mtu huhisi ganzi miguuni, huyumba gizani, hutembea kama asiyeiona ardhi. Dalili hizo hufanana na MS kiasi cha kumpotosha daktari mzoefu. Kwenye MRI mstari mweupe hujitokeza katika sehemu ya nyuma ya uti, na ukikatwa kwa upana huonekana kama herufi V iliyopinduliwa. Sindano za B12 zikianzwa mapema, mstari huo unaweza kufifia ndani ya miezi na mgonjwa akarudia kutembea. Wanaokabiliwa na upungufu huu wapo wengi katika nchi zetu: wasiokula nyama, samaki, mayai wala maziwa, waliokatwa tumbo, wazee ambao tumbo limeacha kufyonza, na wagonjwa wa kisukari waliotumia metfomini kwa miaka mingi. Kipimo cha damu cha B12 ni nafuu mno ukilinganisha na MRI, na kinapaswa kutangulia kila anaposhukiwa mtu kuwa na MS. Mgonjwa anayeishi na jina la MS huku anachokosa ni sindano anapata ulemavu ambao haukuwa na lazima.

Kuhusu jua letu, mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliopima damu ya Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania, watu wanaoishi nje mchana kutwa, na wastani wa vitamini D ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Hicho ni kiwango kilicho juu ya mstari wa nanomoli 99 ambao juu yake wanajeshi weupe wa Munger walikuwa na hatari ndogo kabisa. Ngozi nyeusi inaweza, ikipewa jua la kutosha. Lakini yule aliyehamia Oslo au Toronto na kufanya kazi ghorofani hapati jua hilo, wala mwanamke wa Muscat anayetoka nyumbani amejifunika na kuingia garini. Uingereza, utafiti wa mwaka 1990 ulionyesha kwamba watoto waliozaliwa huko na wazazi kutoka Afrika, Karibi na Bara Hindi walipata MS karibu sawa na Waingereza wengine, ingawa wazazi wao waliupata mara chache sana. Hata hivyo katika damu za wanajeshi weusi wa Marekani uhusiano wa vitamini D na MS haukuonekana, na utafiti wa California uliochapishwa 2018 uliona kwamba jua liliwakinga weusi na weupe, huku kiwango cha vitamini D kikiwakinga weupe pekee. Inawezekana jua linafanya kazi kwa njia nyingine pia. Watu weusi wamekuwa wachache mno katika majaribio yote niliyoyataja, na ninaona hilo ni deni ambalo watafiti bado wanadaiwa.

Wapo wanaojaza pengo hilo la ushahidi kwa dozi za kutisha, makumi ya maelfu ya yuniti kila siku, wakati kikomo cha kawaida kwa mtu mzima bila usimamizi wa daktari ni 4,000. Vitamini D ikizidi, kalsiamu hupanda katika damu, figo huharibika, na mgonjwa hupata kiu, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, dalili zinazoweza kudhaniwa kuwa MS imezidi. MRI ya ubongo haitaonyesha figo inayokufa. Anayetumia dozi kubwa anahitaji kupimwa kalsiamu na figo mara kwa mara kuliko anavyohitaji picha.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwa mara ya kwanza dawa tatu za MS katika orodha ya dawa muhimu: kladribini, glatirama na rituksimabu. Ya mwisho inajulikana na madaktari wa saratani katika hospitali zetu za rufaa, kwa sababu hutibu limfoma. Mgonjwa wa Dar es Salaam au Kampala mwenye fedha za MRI mbili kwa mwaka na chupa za vitamini anaweza kumwuliza daktari wake wa neva kama fedha hizo zingetosha dozi ya rituksimabu na MRI moja, kisha vitamini D ya kiasi iendelee pembeni.